Usijaribu fandesheni mkononi

Ukisimama kidogo kwenye rafu za vipodozi katika duka la dawa, utaona karibu kila anayejaribu fandesheni, ile krimu ya rangi ya ngozi ya kupaka usoni, anaipaka nyuma ya kiganja. Nakusihi uache. Ngozi ya mkono si ya uso. Inaoshwa kutwa, inapigwa na jua kwa namna yake, na aghalabu rangi zake hazilingani. Iliyokaa vizuri kiganjani inaweza kukuachia uso wa majivu.

Mimi hunawa uso kwanza, kisha nachora mistari midogo ya rangi mbili tatu zinazokaribiana, kutoka kwenye taya kushuka shingoni. Halafu natoka nje na kioo changu, kwa sababu taa za dukani hudanganya sana. Nilipomsindikiza mdogo wangu, mstari wa kati ndio tulioupenda tukiwa ndani. Tulipofika mlangoni penye mwanga wa mchana ukaonekana una uwaridi uliokaa juu juu ya ngozi, na ule wa pembeni tulioudharau ulikuwa umepotea kabisa. Unaopotea ndio wako. Ila usilipe bado. Fandesheni nyingi hubadilika zikikutana na hewa na mafuta ya ngozi, zikageuka kuwa nzito au za rangi ya chungwa, kwa hiyo zunguka kama nusu saa ufanye shughuli nyingine. Muuzaji akikuharakisha, mwambie utarudi.

Lipstiki ya kujaribia usiipeleke mdomoni hata kama inang'aa. Imeshapita kwenye midomo ya watu usiowajua, na virusi vinavyoleta vidonda vya mdomo huambukizwa kwa kugusana. Omba ifutwe kwa spiriti, ikwanguliwe kidogo kwa kijiti safi, upake kwenye ncha ya kidole. Wekundu wa pale unakaribia ule wa mdomo. Maskara ndiyo usiiguse kabisa. Brashi yake inaingia na kutoka kwenye kichupa chenye unyevu, hakuna spiriti inayofika huko ndani, na jicho halina mbadala.

Krimu ya uso haijaribiwi dukani. Mzio wa ngozi mara nyingi hujitokeza baada ya siku 2 au 3, kwa hiyo omba sampuli, uipake ndani ya kiwiko asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Rangi ya nywele nayo ifanyie jaribio kwenye ngozi saa 48 kabla ya kuipaka, kama maelezo ya boksi yanavyosema, hata kama umeitumia miaka mingi. Mwili unaweza kuanza kuikataa wakati wowote.

Wasipokuwa na sampuli, uliza kabla ya kulipa kama wanapokea bidhaa iliyokwisha kufunguliwa. Kama hawapokei, chukua kichupa kidogo kuliko vyote na utunze risiti.