Bitcoin au dhahabu? Mwalimu, kwanza niambie ufunguo anao nani

SWALI: Mhasibu, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa karibu na Mbale, Vihiga. Kiinua mgongo changu kimeingia, shilingi 1,400,000, na sitaki zikae benki. Mpwa wangu anasema ninunue bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, kwa kuwa hakuna benki wala serikali inayoweza kuigusa. Shemeji yangu wa Ikolomani anasema ninunue dhahabu kwa wachimbaji, eti dhahabu haijawahi kumwangusha mtu. Tayari nimeweka 50,000 katika kikundi kimoja cha Telegram, na kwenye simu naona zimefika 83,000. Nimfuate nani?

JIBU: Mwalimu, hongera kwa kustaafu salama. Niruhusu nianze na hizo 50,000, maana ndizo zimeshatoka mkononi.

Hizo 83,000 ni tarakimu tu ambazo mtu amekuandikia kwenye skrini. Jaribu leo kuzitoa zote. Utaambiwa ulipe kodi kwanza, au ada ya kufungulia akaunti, au uongeze zifike 100,000 ndipo ustahili kutoa. Usitume hata shilingi moja. Na tafadhali usiniambie kwamba wiki ya kwanza ulitoa 2,000 zikaingia kwa M-Pesa. Karibu kila mtu anayeketi mbele yangu akilia aliwahi kutoa 2,000 zikaingia. Mvuvi hatupi ndoana tupu.

Sasa nije kwa swali lenyewe, kwa sababu nalisikia kila wiki hapa Kisumu na linanikera jinsi watu wanavyolijibu. Mtu anasema, "Nimechoka na benki, nataka pesa zangu zisishikwe na mtu." Sawa, hilo ni wazo la mtu mwenye akili. Kisha anatoa akiba yake benki, mahali penye mlango, leseni na hakimu wa kumshtakia, anamkabidhi kijana asiyemjua hata jina la babake, na kwenye simu kijana huyo ni picha ya gari tu. Huyo hajaondoa mtu katikati. Amemweka mtu mwingine, tena mbaya zaidi. Haya ndiyo makosa yanayomaliza watu, kuliko kupanda na kushuka kwa bei.

Mpwa wako hajakosea kuhusu bitcoin yenyewe. Ilianza Januari 2009, haitawahi kuzidi sarafu milioni 21, na haina gavana wa benki kuu wa kuamka asubuhi achapishe nyingine. Lakini nguvu hiyo ni ya mtu anayeshika ufunguo mwenyewe. Ufunguo ni maneno 12 au 24 ambayo pochi ya simu, yaani programu ya kutunzia sarafu hizo, hukupa siku ya kwanza, ukayaandika kwa kalamu kwenye karatasi. Karatasi ikiliwa na mchwa na simu ikaharibika, hakuna ofisi ya kupigia. Mtu akiyasoma maneno hayo, anahamisha kila kitu ukiwa umelala, na hakuna wa kurudisha. Na mpwa akikufungulia pochi kwenye simu yake, akabaki na maneno hayo, sarafu ni za mpwa. Mapenzi ya familia hayabadilishi hilo.

Wengi basi wanaacha sarafu zao kwenye masoko ya mtandaoni, yaani kampuni zinazouza sarafu na kuwashikia wateja, wakidhani bado wako nje ya mfumo. Mt. Gox lilikuwa soko kubwa kuliko yote, likaanguka 2014. FTX lilianguka Novemba 2022. Mtandao wa bitcoin haukuvunjwa siku hizo. Walioanguka ni watu waliokuwa wamewashikia wenzao. Kwetu Kenya, Benki Kuu ilitoa onyo kuhusu sarafu hizi Desemba 2015, na kwa miaka kumi ukiibiwa ulikuwa umeibiwa tu. Sasa sheria ya 2025 imezipa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kazi ya kutoa leseni kwa wanaoendesha biashara hii. Kwa hiyo swali la kumuuliza anayekuita kwenye kikundi ni fupi: leseni yako iko wapi? Akianza kukutusi kwamba unaogopa utajiri, toka.

Shemeji naye. Watu wa magharibi hatuhitaji kuhubiriwa dhahabu. Kakamega ilivamiwa na wachimbaji wa kizungu miaka ya 1930, na jina la mgodi wa Rosterman bado liko midomoni mwa watu. Ndiyo maana kwetu ni rahisi kutapeliwa: kila mtu ana binamu shimoni, na habari ya dhahabu haionekani kuwa ngeni.

Mzee mmoja kutoka upande wa Migori alinijia na kipande kimefungwa kwenye leso. Alikuwa amelipia pesa za ng'ombe sita. Kilikuwa kizuri, kizito mkononi, kinang'aa, na aliyemuuzia alikuwa amekipiga muhuri wa namba. Nilimpeleka kwa sonara ninayemwamini. Sonara hakusema neno. Alikipima: gramu 60. Akaweka kikombe cha maji juu ya mizani, akairudisha mizani kwenye sifuri, akakifunga kipande kwa uzi na kukizamisha kikaning'inia ndani ya maji bila kugusa chini. Mizani ikaonyesha gramu 7. Dhahabu safi ya uzito ule ingeonyesha gramu 3 na kidogo, kwa sababu ni nzito zaidi ya mara 19 kuliko maji. Hii ilikuwa mara nane na nusu. Shaba nyeupe, ile ya vitasa vya milango. Mzee aliomba kipimwe tena. Sonara akakipima tena, mizani ikasoma gramu 7 zilezile. Tangu siku hiyo sitaki kumsikia mtu akisema dhahabu haimwangushi mtu.

Hata ile ya kweli, ununuzi wa pembeni ya shimo una shida yake: chini ya Sheria ya Madini ya 2016 kufanya biashara ya madini bila leseni ni kosa. Huna risiti, huna pa kulalamikia, na siku ya kuuza mnunuzi anaona unavyohofu na kukupunja.

Na bei? Dhahabu ilifika dola 850 kwa aunsi Januari 1980, na miaka ishirini baadaye ilikuwa chini ya 300. Ilipita 1,900 mwaka 2011, ikashuka hadi karibu 1,050 mwisho wa 2015. Bitcoin iligusa karibu dola 69,000 Novemba 2021, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 17,000. Zote mbili zilipanda tena na kupita pale. Lakini wewe una miaka mingapi ya kusubiri, Mwalimu? Halafu kuna jambo ambalo wanaouza hawalitaji: zote hupimwa kwa dola. Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160, na miezi michache baadaye ikawa karibu 130. Aliyenunua pale juu alipoteza karibu moja ya tano kwa shilingi hata kama bei ya dunia haikusogea. Na bili ya hospitali utailipa kwa shilingi.

Hata "haiguswi na serikali" si neno la kulalia mlango wazi. Mwaka 1933 rais Roosevelt aliwaamuru Wamarekani wasalimishe dhahabu yao.

Siitetei benki. Imperial ilifungwa Oktoba 2015, Chase ikafuata Aprili 2016, na nakumbuka nyuso za watu nje ya milango ile. Ila tangu 2020 bima ya amana inamlipa mwenye akaunti hadi shilingi 500,000 benki ikianguka. Gawa pesa zako kwa benki tatu na zote zimefunikwa. Sehemu kubwa ipeleke kwenye bondi za serikali, unaweza kuanza na 50,000. Moyo ukikuwasha sana, tenga 70,000, pesa ambazo zikipotea mlo wa nyumbani haupungui. Dhahabu nunua kwa sonara mwenye duka, risiti ikiandikwa uzito na karati, yaani kiwango cha usafi, ukijua kwamba gharama ya ufundi hairudi. Au tumia dalali wa hisa mwenye leseni: tangu 2017 Soko la Hisa la Nairobi lina mfuko wa uwekezaji unaofuata bei ya dhahabu, nao hununuliwa kwa shilingi. Hapo pia kuna mtu katikati, lakini ana jina na anwani.

Niseme na wengine mnaosoma, maana Mwalimu si peke yake. Hivi vikundi sasa vinapita makanisani na kwenye vyama. Mweka hazina anaingizwa kwanza, anapewa faida wiki mbili, kisha yeye mwenyewe ndiye anawaingiza wenzake, kwa nia njema kabisa. Chama kimoja cha kina mama upande wa Ahero kilipeleka akiba ya mwaka mzima hivyo, na anayelaumiwa kijijini leo ni mweka hazina, ambaye naye aliibiwa.

Na ukishaibiwa, wiki chache baadaye simu italia. Atakuwa mtu mpole, anajua kiasi ulichopoteza hadi shilingi ya mwisho, anasema ni wakili au mtaalamu wa kompyuta na amezipata pesa zako, kimebaki kulipa ada ya kuzifungulia tu. Anajua kiasi hicho kwa sababu ametoka kwa walewale waliokuibia. Usimjibu. Hifadhi namba yake na jumbe zake zote, upeleke kituo cha polisi pamoja na taarifa ya M-Pesa ya tarehe ulizotuma. Mwalimu, na wewe fanya hivyo kesho asubuhi, kabla hawajakifuta kikundi.