Kompyuta ya DOS isiyotulia hata ikiachwa

SWALI: Mhariri, marehemu baba aliniachia kompyuta mpakato ya Pentium yenye MS-DOS 6.22, mfumo endeshi wa zamani wa Microsoft, nami bado naitumia kufungulia hesabu za duka alizoziweka humo. Nimeinunulia betri nyingine, lakini hata nisipogusa kibodi kwa muda mrefu, chini inachemka, feni haitulii na chaji inaisha upesi. Je, prosesa, yaani chipu inayotekeleza kazi zote za kompyuta, imeharibika?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole kwa kuondokewa na mzazi. Dalili hizo peke yake hazionyeshi kwamba prosesa ni mbovu, kwani ndivyo DOS ilivyozoea kusubiri. Ilitungwa zama ambazo kompyuta nyingi zilikaa mezani zikiwa zimechomekwa kwenye umeme, kwa hiyo wakati inapongoja ubonyeze herufi, huuliza tena na tena, maelfu ya mara kwa sekunde, kama herufi imeingia, na kila swali ni kazi kamili kwa prosesa.

Dawa ni amri ya prosesa iitwayo HLT, ambayo huisimamisha mpaka ifike ishara kutoka kwenye kibodi au kwenye saa ya ndani, inayopiga takriban mara 18.2 kwa sekunde. Prosesa husinzia milisekunde 55 hivi, ikaamka, ikatazama kama kuna kazi, ikasinzia tena, wala wewe unayeandika huhisi lolote.

MS-DOS yako ina programu ya kazi hiyo, POWER.EXE, ila hailetwi kwenye kumbukumbu mpaka uitaje katika CONFIG.SYS, faili la mipangilio ambalo DOS husoma inapowaka, kwa mstari huu:

DEVICE=C:\DOS\POWER.EXE ADV:REG

Zima na uwashe, fungua hesabu, ziache dakika chache bila kugusa kitu, kisha rudi kwenye DOS na uandike POWER. Utaonyeshwa asilimia ya muda ambao prosesa ilipumzika. Ikiwa ni ndogo mno, ichunguze programu ya hesabu yenyewe, kwa sababu zipo zinazosoma kibodi moja kwa moja bila kupitia DOS wala BIOS (programu ya msingi iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe), na POWER haiwezi kutambua kwamba zinasubiri. Ukiandika ADV:MAX badala ya ADV:REG kwenye mstari ule, umeme hubanwa zaidi, lakini programu ikianza kusuasua, rudi kwenye REG.

Usitarajie makubwa mno. Microsoft ilikadiria uokoaji wa hadi asilimia 25 kwa kompyuta zinazofuata APM, utaratibu wa kudhibiti matumizi ya umeme uliotolewa pamoja na Intel mwaka 1992, na asilimia 5 tu kwa zisizoufuata. Kwa hiyo punguza pia mwanga wa skrini, ambao nao hula chaji nyingi.

Kabla ya yote, nakili hesabu za baba kwenye diski nyingine. Kompyuta ikigoma kuwaka baada ya kubadilisha CONFIG.SYS, bonyeza F8 mara yatokeapo maneno «Starting MS-DOS», nayo itakuuliza mstari mmoja mmoja. Ukifika wa POWER, jibu N.