Heda, menifoldi au dohani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina pikapu ya zamani, Toyota Hilux ya petroli, nashushia korosho kutoka Newala. Menifoldi, kile chuma kinachokusanya moshi unaotoka kwenye silinda za injini, imepasuka. Fundi wangu hapa Masasi anataka tufunge "heda". Muuza vipuri wa Mtwara mjini kaniandikia kwenye risiti "ekzosi" basi. Kijana wangu wa sekondari anasema wote wawili wanaharibu lugha, Kiswahili sanifu ni "dohani". Nani yuko sahihi? Na tuseme "bomba la kutoa moshi" au "la kutolea moshi"?

JIBU: Marahaba. Nianze na huyo kijana, maana yeye ndiye aliyekosea kwa heshima zaidi. Dohani ni neno zuri, asili yake ni Kiarabu, na huko lilikotoka lina maana ya moshi wenyewe. Kwetu limekuwa bomba la moshi la nyumba, la kiwanda, au la meli kama zile zinazotia nanga bandari ya Mtwara. Lakini dohani husimama. Ukimwambia mtu dohani, anainua macho. Bomba la pikapu yako limelala chini ya bodi, na fundi hulifuata kwa kulala chali. Kwa trekta ningelegeza msimamo, kwa kuwa bomba lake mara nyingi huelekea juu. Mzee wa Nachingwea aliyeyaona matrekta ya mradi wa karanga wa 1947 hadi 1951 angesema dohani nami nisingemcheka.

Muuza vipuri hajakosea neno, ila ametumia neno pana mno. Ekzosi ni njia nzima ya moshi, tangu kwenye injini, kupitia sailensa, hadi mwisho nyuma. Kwa risiti hiyo anaweza kukupa sailensa na usiwe na la kumwambia.

Fundi ndiye aliyetofautisha. Menifoldi ni pande la chuma cha kusubu, zito, lililobanwa kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini. Miaka ya kupata moto na kupoa huipasua. Heda hufanya kazi ileile kwa mabomba yaliyokunjwa, kila silinda na lake, kisha yanakutana. Tazama mkono wako: vidole vinne vinaingia kiganjani, kiganja kinaingia kwenye kifundo. Sioni haja ya kulitafutia heda jina jingine. Kiswahili kilishapokea gia, klachi na stata bila kuugua. Liandike kwa herufi zetu na uliweke katika ngeli ya I-/ZI-: heda hii, heda hizi. Ile yenye mabomba manne ni heda moja. Ila tamka vizuri hedi na heda, ni vipuri viwili tofauti. Na yule anayedhani kila "d" ya fundi ni "dh" iliyopotea, asije akaandika "silinda hedhi"; hilo ni jambo la kliniki.

Sasa kutoa au kutolea, ambalo ndilo swali lililonifurahisha. Tunasema maji ya kunywa, lakini kikombe cha kunywea. Maji ndiyo yanayonywewa; kikombe ni chombo tu. Kwenu huko kuna mashine ya kubangua korosho, kwa sababu mashine inabangua yenyewe, na kuna nyundo ya kubangulia, kwa sababu anayebangua ni mtu. Je, bomba linatoa moshi? Hapana. Injini ndiyo inayoutoa, bomba ni njia yake. Kwa hiyo bomba la kutolea moshi. Wengi husema kutoa na hueleweka, lakini umeniuliza mimi. Na ni moshi unatoka, si "moshi inatoka", hata ukiwa mwingi kiasi gani.

Kanuni hiyohiyo itakusaidia kumwelekeza fundi. Kupita na kupitia si kitu kimoja. Siku hizi kila kitu ni "kupitia": kupitia simu, kupitia kikao, mpaka neno limechakaa. Mahali pake halisi ni kama hapa: bomba lipitie upande gani? Lipitie pale penye nafasi, lipite mbali na paipu za breki na za mafuta, mbali na stata na mhimili wa usukani. Mabomba ya heda ni membamba kuliko kuta za menifoldi, nayo hutoa joto kali pembeni. Tena injini hutikisika kwenye mipira yake na chuma hutanuka kikishika moto, kwa hiyo bomba lisiguse kitu hata kama linaonekana limetoshea gari likiwa limezimwa. Kwa hewa ya chumvi ya pwani, uliza pia kama limepakwa kitu cha kuzuia kutu.

Fundi akitaja "nne-mbili-moja", si mzaha. Mabomba manne huungana kuwa mawili, kisha moja. Kwenye injini ya silinda nne inayowaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, bomba la kwanza huunganishwa na la nne, la pili na la tatu, ili silinda zinazofuatana kuwaka zisisukumiane moshi. Kwa gari la mzigo nakubaliana naye: mpangilio huo husaidia kuvuta kabla injini haijafika mzunguko wa juu, na mwenye magunia hashindani mbio na mtu.

Rudisha ile risiti, umwombe muuzaji aandike: "Heda moja ya Hilux, nne-mbili-moja, pamoja na gasketi yake." Aongeze na aina ya injini, maana Hilux zimetoka na injini nyingi, na heda isiyo ya injini yako haitaingia kwenye bolti hata ukiita jina lake kwa ufasaha.