Maswali na Majibu: Mitishamba juu ya dawa ya sonona

*Natumia fluoxetine. Nimenunua mtandaoni vidonge vya St John's wort. Ni mmea tu, naweza kuvimeza pamoja? (Msomaji, Nakuru)*

Usivimeze. Mmea huo nao hupandisha serotonini, kemikali ya ubongo inayogusa hisia, kama fluoxetine. Vikikutana serotonini inazidi, na dalili ni hizi: jasho, kutetemeka, kuharisha, moyo kwenda mbio, misuli kukakamaa, joto kupanda. Huku kwetu mtu akiwa hivyo hukimbilia dawa ya malaria, na hali inazidi kuharibika. Pimwa malaria, lakini mtajie muuguzi kila ulichomeza. Na usidhani ukiacha fluoxetine leo, kesho unaweza kuanza mmea. Dawa hiyo hukaa mwilini wiki kadhaa. Hukuuliza, ila wenzako wajue: mmea huohuo hulifanya ini livunje dawa nyingine upesi, zikiwemo ARV na vidonge vya kupanga uzazi. Tumeona wengi wanaovuruga matibabu yao kwa neno "asilia".

*Tangawizi na manjano kwenye chai? (Kondele)*

Kunywa chai yako. Vidonge vya manjano, mwonyeshe mfamasia kwanza.

*Nimepata dawa ya mitishamba sokoni Kibuye, ya kuondoa mawazo mengi. Inaenda na amitriptyline? (Mama, Kisumu)*

Mama, ni mti gani? Naletewa swali hili tena na tena bila jina la mti, na maji ya kahawia kwenye chupa ya soda siwezi kuyajibia. Rudi kwa aliyekuuzia, akupe jina, hata kwa Kijaluo. Akikataa, usinywe. Kama ndani kuna mnanaha, kwa mfano, huo hukausha mdomo, huzuia mkojo na kuvuruga akili, na amitriptyline nayo hufanya hayohayo. Sipigi vita mitishamba, nimekuzwa nayo. Ninachopiga vita ni kuficha. Na wahudumu wanaomfokea mgonjwa akitaja mitishamba ndio wanaomfundisha kunyamaza. Waache tabia hiyo.

*Siku 10 za sertraline na sioni nafuu. Niongezee miti? (Kakamega)*

Hapana, bado mapema. Hesabu wiki 2 hadi 4, wengine hufika 6. Usiikatize ghafla, utapata kizunguzungu na kukosa usingizi. Lakini mawazo ya kujiua yakikujia, usingoje tarehe ya kliniki. Mwambie mtu wa nyumbani akupeleke hospitali siku hiyohiyo.