Zege la siku tatu msilisimamishie nguzo

Kaka, umeuliza kama mnaweza kusimamisha nguzo za chuma za ghala la korosho hapo Mikindani wakati zege la msingi lina siku tatu tu. Hapana, subirini. Kanuni za Marekani zinataka zege lifikie asilimia 75 ya nguvu iliyokusudiwa, au nguvu ya kutosha kubeba mizigo ya kusimamisha chuma, kabla ya kuanza, na kwa saruji ya kawaida siku tatu kwa kawaida hazifiki asilimia hiyo. Pelekeni sampuli maabara zikavunjwe, msikisie kwa macho.

Kila nguzo iwe na boliti nne za msingi, siyo mbili kama nilivyoona kwenye saiti moja Lindi. Ile nguzo ilianza kuinama fundi yuko juu. Hadi leo nikikumbuka mwili unasisimka. Boriti nayo, kreni isiiachie mpaka kila kiungo kiwe na boliti mbili zilizokazwa kwa spana. Kenchi zishikizeni pembeni mapema, maana kusi ikivuma haisubiri mtu.

Mkanda wa usalama ufungwe kwenye kitu imara, kuuvaa tu hakutoshi. Na saiti isajiliwe OSHA ya hapa kwetu Tanzania, yaani wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, Sheria Na. 5 ya 2003 inataka hivyo.