Jibu: Mwani wa kijani kubadilika kila msimu

Dada wa Ujiji, umeuliza kwa nini mwani wa kijani unaoagiza kutoka pwani kwa ajili ya kuku hupimwa protini tofauti kila msimu. Hujadanganywa. Mwani huo, uitwao Ulva, ukipata naitrojeni ya kutosha majini, hujenga protini na rangi yake hukolea, kama mchicha uliotiwa mbolea. Jua likiwa kali na naitrojeni haba, unaendelea kutengeneza sukari kwa mwanga lakini hauna cha kujengea protini: wanga hupanda, jani hupauka. Angalia rangi kwanza! Chumvi nayo ni nyingi, na kuku wakizidishiwa huharisha, kwa hiyo suuza kwa maji yasiyo na chumvi kisha anika upya. Mimi ningepima kila mzigo, nisitegemee karatasi ya vipimo ya mwaka jana.