Mafunzo Arusha: Jumamosi Tembeeni, Jumapili Kaeni Mjini

Kozi za kikazi Arusha zina sura moja. Darasa saa mbili na nusu asubuhi, chai ya saa nne, chakula cha mchana, darasa tena hadi saa kumi na moja, halafu kazi ya kikundi inayowakesha watu wanne kwenye laptop moja. Ijumaa ikifika, mwenzako wa kiti cha jirani anauliza kesho mnakwenda wapi. Wengi huchagua kwa kutazama picha. Ninyi chagueni kwa kutazama saa: mtarudi saa ngapi? Kama ni baada ya saa moja usiku, hapo si mahali pa wikendi ya kozi, hata pawe pazuri namna gani.

Kwa kipimo hicho Ngorongoro inaanguka mapema. Kwenda na kurudi siku moja kunawezekana, madereva watawaambia hivyo na ni kweli. Lakini ni kutoka alfajiri, kurudi giza limeingia, na zaidi ya kilometa 300 zimewakaa kiunoni. Iwekeni baada ya kukabidhiwa vyeti, mlale Karatu, muione bila kukumbuka kwamba kuna jaribio.

Muwe wawili. Kundi la WhatsApp la darasa likisikia kuna safari mtakuwa kumi na wawili, na hapo mmoja hajanyoosha shati, mwingine anataka kupita benki, saa mbili inageuka saa tano. Wawili mnaenea kwenye bajaji moja, na mmoja akichoka mnarudi bila kikao. Iko sababu nyingine ya wawili, nitaifikia pale kwenye maji.

Kuhusu nguo: Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kati ya Juni na Agosti asubuhi ni baridi ya kweli, na aliyetoka Dar na mashati ya mikono mifupi huishia kununua sweta la mtumba siku ya pili. Machi hadi Mei ni masika, njia za msituni zinateleza kama sabuni. Na mlima Meru, mita 4,566, huonekana vizuri mapema. Mara nyingi ikifika saa nne au saa tano umeshajifunika mawingu. Picha kwanza, chai baadaye.

Wikendi ya kwanza, wakati bado hamjaujua mji, nendeni Tengeru. Ni nusu siku tu. Panda daladala ya Tengeru au Usa River kwenye barabara kuu ya Moshi. Ukiwa maeneo ya Philips au Kwa Mrefu unaidaka hapo hapo barabarani. Kabla ya kukaa muulize konda kama inafika Tengeru, maana nyingine hukatisha njiani na utalipa nauli mara mbili. Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, kwa hiyo gari hutambaa pale mwishoni. Msilalamike, soko lenyewe ni sehemu ya matembezi: ndizi za kila namna, maparachichi, nyanya zilizopangwa mafungu, na akina mama wanaokujua kwamba ni mgeni kabla hujafungua mdomo. Vitu vya kubeba nunueni wakati wa kurudi. Kuzunguka ziwa na mkungu wa ndizi begani hakuna raha.

Kutoka sokoni hadi Ziwa Duluti mnaweza kutembea au kuchukua bodaboda. Ni ziwa la kreta, dogo, limezungukwa na msitu wa hifadhi, na langoni kuna kiingilio. Njia inazunguka ziwa lote, na kwa mwendo wa kupiga soga ni saa moja na kidogo. Nyani na kima wapo. Mfuko wenye ndizi wanaujua kuliko mnavyoujua ninyi, kwa hiyo chakula kikae ndani ya begi lililofungwa zipu. Ukingoni mwa maji angalieni vizuri mnapokanyaga, maana kenge hulala juani wametulia kama mizizi, na mmoja akichomoka ghafla ni rahisi kuteleza majini. Viatu viwe vya soli yenye meno. Hapo hapo Tengeru, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, kuna makaburi ya Wapolandi waliohifadhiwa hapa kama wakimbizi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Watu wengi wa Arusha wenyewe hawajawahi kufika. Pametunzwa, pana ukimya, na dakika ishirini zinatosha.

Wikendi ya pili ndiyo ya Chemka, yaani chemchemi za maji moto za Kikuletwa. Hapa ndipo watu hukosea zaidi, basi twende polepole.

Pandeni Coaster ya Moshi si zaidi ya saa moja na nusu asubuhi, mshuke Bomang'ombe. Ni kama kilometa 55, lakini msizihesabu kwa mwendo wa lami tupu: kila penye makazi kuna kibao cha 50, na trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo yuko kivulini. Kutoka Boma ni barabara ya vumbi kuelekea kusini, na usafiri ni bodaboda au bajaji. Patana bei ya kwenda na kurudi kwa pamoja, kabla ya kupanda, na mlipe nusu. Mkilipa yote, dereva hana haraka ya kuwarudia. Msipopatana ya kurudi kabisa, jioni kule chini bei anaipanga yeye peke yake. Chukueni namba yake, mpige mbele yake muone simu inaita. Vaeni nguo za rangi ya udongo, kwa sababu mtakuwa na rangi hiyo mkitaka msitake.

Jina la chemchemi ya maji moto linadanganya. Maji ni ya uvuguvugu, ya kupendeza, si ya kuchemsha yai. Ni maangavu, yana rangi ya buluu ya kijani chini ya mitini, na uangavu huo ndio hatari yake: unaona jiwe la chini waziwazi ukadhani utalisimamia, kumbe ukijitupa miguu haigusi kitu. Asiyejua kuogelea akodi boya kabla ya kuingia, si baada ya kuona wenzake wanafurahi. Kamba ya kurukia ni ya wanaojua, na waruke mmoja mmoja, chini pakiwa hapana mtu. Ukikaa ukingoni ukatumbukiza miguu, samaki wadogo watakuja kudonoa ngozi. Dakika ya kwanza ni mtekenyo usiovumilika, ya tano hutaki kuitoa.

Na ile sababu ya wawili ni hii: mmoja majini, mmoja kwenye simu na nguo, mnapokezana. Mkiingia wote macho yatakuwa kwenye begi muda wote, na hamtakuwa mmeogelea wala kulinda.

Kufika saa tatu au saa nne ni bora. Kuanzia adhuhuri wikendi huja magari ya vikundi na spika, maji yanatibuka, na kivuli kizuri kimeshachukuliwa. Ondokeni saa tisa alasiri. Baadaye ya hapo Coaster zinazotoka Moshi hufika Boma zimejaa, na kusimama hadi Arusha ukiwa na chupi mbichi ni funzo ambalo halimo kwenye ratiba ya kozi.

Kama mnataka wanyama bila kwenda mbali, kuna Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Njia yake inachepuka mbele kidogo ya Usa River. Hapa nakubali wanne ni bora kuliko wawili, kwa kuwa mnagawana gari. Twiga ni wengi, mbega wako msitu wa Ngurdoto, heroe huja na kuondoka katika maziwa ya Momella, na simba msimtafute. Kreta ya Ngurdoto mnaitazama kutoka juu tu, kushuka hairuhusiwi. Kutembea kwa miguu kunawezekana, lakini ni pamoja na askari wa hifadhi mwenye silaha. Fedha taslimu langoni hazipokelewi: mnapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu au kadi, hivyo wekeni salio tangu usiku na simu iwe na chaji. Bebeni vitambulisho vya taifa. Mwenzako akiwa Mkenya au Mganda naye abebe chake, maana wananchi wa Afrika Mashariki wana kiwango chao, na bila kitambulisho atahesabiwa mgeni. Maji ya kunywa nunueni mjini. Upande ule wa Maji ya Chai maji yana floraidi nyingi, na meno ya kahawia ya wenyeji ndiyo ushahidi.

Jumapili ibaki ya mjini. Makumbusho ya Azimio la Arusha yako kando ya mnara wa Mwenge, katika ukumbi ule ule ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mwishoni mwa Januari 1967, kabla ya Azimio kutangazwa Februari 5. Saa moja inatosha. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Makumbusho ya Elimu Viumbe, ndani ya boma la Wajerumani la 1900. Mkipita mnara wa saa, vijana wauza safari na picha za tingatinga watawaandama. Neno "niko kozi" huwatuliza haraka kuliko "sina hela", ambalo hawaliamini. Mchana kuleni nyama choma, au loshoro, chakula cha kienyeji chenye maziwa mgando, kama tumbo lako limeizoea. Kama halijaizoea, ijaribu siku isiyo na darasa kesho yake.

Hesabu za pesa zimalizeni siku ile ile ya safari, jioni ya Jumamosi, kabla ya kuachana. Mmoja ashike mfuko, mwingine aandike kwenye simu, na mtoke na noti za 1,000 na 2,000, kwa sababu bodaboda hana chenji ya 10,000 na hatakuwa nayo. Viatu vyenye tope vioshwe usiku ule ule, vijazwe magazeti ndani. Kwa baridi ya Julai vikiachwa hadi Jumapili jioni, Jumatatu utaingia darasani na ndala.